Wageni Walikataa Maji ya Mzee Zablon

Mvua ilinyesha tena, na Mellen akaanza tena kuharisha.

Risper alijua hata kabla ya kuwasha taa. Alisikia matone juu ya mabati, akanyoosha mkono, akagusa alipolala mtoto. Palikuwa pamelowa. Hakushangaa. Alikuwa amechoka kushangaa. Kiangazi kikija, Mellen anapona, anacheka, anafukuza kuku. Mvua ikirudi, haya basi, kazi inaanza upya: kufua, kupangusa, kumbembeleza mtoto anywe.

Hapa ni karibu na Asumbi, mwaka wa 1997, wakati wa mvua za masika. Boma ni la Mzee Zablon, baba mkwe wa Risper. Mellen alikuwa hajafikisha miaka miwili.

Na ugonjwa wake, kila mtu alikuwa na sababu yake. Teresa, mama mkwe wa Risper, alisema ni meno. Mtoto ana meno mdomo mzima, lakini bado ni meno. Jirani alisema ni mahindi mabichi. Mtoto hajaonja mahindi. Job, mume wa Risper, fundi wa baiskeli sokoni, alisema labda ni baridi. Naye Mzee Zablon, ambaye hakupenda kusema na mke wa mwanawe uso kwa uso, alimwambia Teresa kwa sauti ya kufika barabarani:

"Huyo nyar Kendu amelelewa kwa maji ya ziwa. Hajui kuosha sufuria."

Nyar Kendu ni kusema binti wa Kendu. Risper alizaliwa Kendu Bay, kando ya ziwa. Na sufuria zake alizisugua kwa jivu mpaka ungeweza kujitazama humo ukachana nywele. Lakini angemjibu nani? Mke hajibizani na baba mkwe. Alimeza hasira, akachukua sufuria, akaisugua tena.

Siku hiyo alimbeba Mellen mgongoni hadi zahanati. Muuguzi alimpima mtoto, akatazama uzito wake.

"Mama Mellen, huyu anapungua," alisema. "Kila mvua anapungua. Leo nimempa maji ya chumvi na sukari, ataamka. Lakini akiendelea hivi, mvua moja itamchukua. Mnakunywa maji gani?"

"Ya kisima. Kisima cha nyumbani."

"Yachemsheni."

Basi Risper akachemsha. Alitafuta kuni, akachemsha, akafunika, akaweka pembeni yapoe. Aliporudi kutoka shambani, alimkuta Teresa ameyamwaga na anamnywesha Mellen kikombe cha maji yaliyotoka kisimani wakati huo huo.

"Yale yalikuwa yananuka moshi," Teresa alisema kwa upole. Alimpenda mjukuu wake, na hilo ndilo lililoudhi zaidi. "Mtoto mgonjwa anataka maji matamu, mwanangu. Si moshi."

Jioni Risper alimwambia Job. Job alisema, "Nitaongea na Baba." Job alikuwa na maneno hayo tangu walipooana. Nitaongea na Baba. Angekuwa anayauza, wangekuwa na lori.

Ni kweli, kuongea na Mzee Zablon juu ya kile kisima hakukuwa jambo rahisi. Alikichimba kwa mikono yake mwaka ule wa ukame, wakati majirani walikuwa wanakwenda mtoni na kurudi na matope. Alikutana na mwamba, akauvunja. Alipopata maji, yalikuwa meupe, baridi, matamu. Tangu siku hiyo jirani yeyote aliruhusiwa kuchota bure. Katika boma hilo ungeweza kusema vibaya juu ya ng'ombe wa Mzee Zablon, hata juu ya mguu wake unaochechemea. Juu ya kisima, funga mdomo.

Na boma lenyewe lilikuwa limepangwa kama mila ya Wajaluo inavyotaka. Liko kwenye mteremko. Nyumba kubwa ya mzee iko juu kabisa, mlango wake unatazama lango chini. Nyumba ya Job iko chini, karibu na lango. Choo cha mzee kiko nyuma ya nyumba kubwa, kule juu, ambako mke wa mwana hana shughuli ya kupita. Maana baba mkwe na mke wa mwanawe hawatumii choo kimoja, na si vizuri hata waonane wakienda huko. Choo cha Risper kiko chini kabisa, kwenye ua wa ojuok, minyaa inayozunguka boma. Na kisima kiko katikati, mbele ya nyumba kubwa, ili mzee akiketi mlangoni awaone wanaochota na wao wamsalimie.

Kila kitu kilikuwa mahali pake. Hakuna mzee wa ukoo ambaye angekosoa boma hilo.

Wiki hiyo Fanuel, naibu wa chifu, alifika akiwa na habari. Alisimama uani, akasafisha koo.

"Mzee Zablon, kuna mkutano mkubwa Homa Bay. Wataalamu wa utafiti wa maji wanakutana. Wanatoka vyuo vikuu, wanatoka wizarani, wengine wanatoka ng'ambo. Watasomeana yale mapya waliyoyagundua. Siku ya mwisho wanataka kuona kisima kilichochimbwa na mwananchi. Mimi nimewapa jina lako."

Mzee Zablon aliinuka. Aliingia ndani, akatoka amevaa koti.

"Waambie waje," alisema. "Watakunywa maji ambayo hawajawahi kuyanywa."

Risper alikuwa anafua vitambaa vya Mellen nyuma ya nyumba yake. Alisikia yote. Alikamua kitambaa mpaka kikakaribia kuraruka.

*

Kikundi cha akina mama ambacho Risper alikuwa mwanachama wake kilipewa kazi ya kupika katika mkutano huo. Alimwacha Mellen kwa dada yake huko Kendu, akaenda Homa Bay na wenzake, wakiwa na masufuria, kuni na gunia la unga.

Ukumbi ulikuwa na joto. Mbele palikuwa na mashine ya kumulika picha ukutani. Wataalamu walisimama mmoja baada ya mwingine, wakasema Kiingereza kirefu. Mmoja alionyesha mistari inayopanda na kushuka, akasema ni mto Kuja. Mwingine alipinga mistari ya mwenzake. Walibishana juu ya mvua mpaka mvua yenyewe ikanyesha nje, na hakuna aliyetoka kuitazama. Risper aliingia na kutoka akikusanya vikombe. Alijiuliza ni lini mtu atataja tumbo la mtoto.

Siku ya pili, baada ya ugali na samaki, alisimama mwanamke mmoja. Aliitwa Nyamoita, Mkisii, mtafiti wa maji yaliyo chini ya ardhi. Saa hiyo ni ya usingizi, na ndiyo saa aliyopangiwa. Profesa mmoja wa mbele alikuwa tayari amelaza kidevu kifuani.

Nyamoita alimulika picha moja ukutani. Risper alikuwa anapita na sinia la vikombe, akasimama katikati ya ukumbi. Picha ilikuwa ya nyumba kwenye mteremko. Nyuma ya nyumba, juu, palikuwa na choo. Mbele ya nyumba, chini, palikuwa na kisima. Mishale ya buluu ilitoka chooni, ikapita chini ya nyumba, ikaingia kisimani.

Kiingereza chake Risper hakukishika chote. Picha aliishika. Alisimama mpaka mtu mmoja akampungia mkono asogee, anaziba.

Baadaye Nyamoita alitoka nje hadi kwenye mafiga. Uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Dada, naomba chai," alisema kwa Kiswahili. "Kali, kama ipo."

Risper alimimina. "Madam, ile picha, ulifika kwetu lini?"

"Kwenu ni wapi?"

"Asumbi. Nyumba juu, choo nyuma ya nyumba, kisima mbele. Ni boma la baba mkwe wangu, kama lilivyo."

Nyamoita alicheka bila furaha. "Ni boma la watu wengi. Nimepima visima huku na Kisii, masika na kiangazi. Leo nimewaeleza wasomi wazima. Ni wangapi walikuwa macho?"

"Watatu," alisema Risper. "Na mmoja wao alikuwa anatazama saa."

Walitazamana. Ni watu wawili waliokuwa wamechoka kwa namna moja, na hilo lilitosha kuwafanya marafiki.

"Nieleze mimi," alisema Risper. "Mimi niko macho. Mtoto wangu anaharisha kila mvua. Kiangazi yuko mzima. Kwa nini?"

Nyamoita alitazama huku na huku. Akaliona karai lenye mchanga waliotumia kusugulia masufuria. Aliuloweka mchanga kidogo, akausawazisha, akaliinua karai upande mmoja kwa jiwe. Upande wa chini akachimba kishimo kwa kidole.

"Hiki ni kisima chenu. Huku juu ni choo. Sasa tazama."

Akamwaga chai yake yote upande wa juu. Chai ilizama. Mchanga ukabaki mtulivu, kama vile hakuna kilichotokea. Wakangoja. Kisha chini ya kishimo ukatokea unyevu. Ukawa tone, ukawa dimbwi dogo. Lilikuwa la rangi ya chai.

"Watu hudhani maji ya chini yamekaa tu, kama yako ndani ya mtungi," alisema Nyamoita. "Hayakai. Yanatembea. Polepole, lakini yanafuata mteremko kama yale ya juu. Wakati wa kiangazi maji yako chini sana, hayafiki kwenye shimo la choo. Mvua ikinyesha yanapanda. Yanaingia ndani ya shimo, yanabeba uchafu, yanashuka nao hadi kisimani."

"Lakini maji yetu ni meupe. Hayana harufu."

"Udongo unachuja harufu na uchafu unaoonekana. Vijidudu vya kuharisha ni vidogo mno, hasa udongo ukiwa wa changarawe na mwamba wenye nyufa. Vinapita. Mzee ameyanywa miaka mingi, tumbo lake limezoea. Mtoto mdogo hana nguvu hizo."

Risper aliketi juu ya gunia. Kumbe si meno. Si mahindi wala baridi. Si sufuria. 

"Kesho tunakwenda kuona kisima cha mfano huko Asumbi," Nyamoita aliendelea. "Cha mzee mmoja, Zablon."

"Huyo ndiye baba mkwe wangu."

Nyamoita alifumba macho. "Mungu wangu. Basi mimi nitakaa kwenye gari. Nimechoka kusema."

"Wewe umechoka kusema," alisema Risper. "Mimi nimechoka kufua. Mimi nikisema, nitakuwa mke asiye na adabu. Wewe ni mgeni, una elimu, na una picha. Usiposema wewe, nani atasema? Muuguzi ameniambia mvua moja itamchukua. Mvua yenyewe siijui ni ipi."

Nyamoita alikitazama kikombe chake kitupu. "Nimiminie nyingine," alisema.

*

Kesho yake boma la Mzee Zablon lilikuwa limefyekwa na kufagiwa. Viti viliazimwa kanisani. Wataalamu walishuka kwenye magari, wakakizunguka kisima, wakapima kina, wakasifu. Mzee Zablon, ndani ya koti lake, alisimulia mwaka wa ukame na mwamba alioupasua. Kila alipomaliza sentensi, Fanuel alipiga makofi.

Kisha Teresa alileta sinia la glasi. Maji yalikuwa yametoka kisimani papo hapo, na glasi zilitoa jasho kwa ubaridi.

Wageni walipokea. Walisema asante, wengine wakajaribu kusema erokamano kwa Kijaluo. Halafu wakazishika tu. Mmoja aliiweka glasi yake chini ya kiti. Mmoja aliinua hadi mdomoni, akashusha ikiwa imejaa vile vile. Yule profesa alitoa chupa yake ya maji kwenye mkoba, akanywa humo kwa siri. Mzee Zablon aliona.

"Mbona hamnywi?" aliuliza.

 Wale waliojua Kiingereza kirefu hivyo, wote wakaanza kutazama viatu vyao. Fanuel alicheka kicheko cha kulazimisha. "Mzee, wageni wameshiba tu."

"Nimewauliza wao."

Risper alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba yake. Alimtazama Nyamoita. Nyamoita akasimama.

"Mzee, naomba unisamehe," alisema kwa Kiswahili. "Hawa wanaogopa kunywa, na wanaogopa kukuambia. Kisima umekichimba vizuri. Mikono yako haina kosa. Lakini choo kiko juu yake, na mvua ikinyesha maji ya chini yanapita chooni kabla hayajafika hapa. Ndiyo sababu watoto wa hapa wanaharisha masika."

 Mzee Zablon alichechemea hatua moja mbele.

"Unasema nimewanywesha watu choo?"

"Sisemi, Mzee. Naomba tuiulize ardhi." Alitoa chupa ndogo yenye unga mwekundu. "Hii ni rangi. Haimdhuru mtu wala ng'ombe. Ikiingia majini inakuwa kijani. Niruhusu niimwage chooni kwako. Kama maji ya choo hayafiki kisimani, rangi haitafika."

"Na isipofika?"

"Nitarudi hapa, ninywe glasi nzima mbele yako na niombe msamaha mbele ya majirani."

"Imwage," alisema Mzee Zablon. "Imwage yote."

Nyamoita akaimwaga. Mkutano uliisha, wataalamu wakaenda zao. Huko Homa Bay, Risper alisikia baadaye, walimaliza kwa kukubaliana kwamba utafiti zaidi unahitajika. Haya.

Siku kadhaa zikapita bila mvua. Kila asubuhi Mzee Zablon alijaza glasi, akaiinua juani majirani wakiona, akanywa polepole. "Kijani kiko wapi?" aliuliza. "Labda kimepanda gari kikarudi chuoni." Watu walicheka. Job naye alicheka kidogo, mpaka alipoona uso wa mke wake. Risper alimrudisha Mellen nyumbani, akaendelea kumchemshia maji. Safari hii aliificha sufuria chini ya kitanda.

Halafu mvua ikaja. Ilinyesha mchana kutwa, ikatulia, ikarudi.

Asubuhi iliyofuata Teresa alikwenda kuchota kama kawaida. Alivuta kamba, akaipokea ndoo, akatazama ndani. Hakupiga kelele. Aliketi chini kwenye tope, ndoo ikiwa mapajani.

"Nyar Kendu," aliita. "Njoo."

Risper alikwenda. Maji yalikuwa ya kijani. Si kijani cha majani yaliyooza wala cha dimbwi. Ilikuwa rangi ya Nyamoita, ya ajabu, inayong'aa. Majirani waliokuja na mitungi walichungulia mmoja mmoja. Wengine waligeuka na kuondoka bila kuaga.

Mzee Zablon alitoka na glasi yake mkononi. Aliiona ndoo, akaangalia kule nyuma ya nyumba, akaangalia tena ndoo. Alichovya glasi, akainua juani kama alivyozoea.  Akaimwaga.

Kisha akamgeukia Risper na kusema naye moja kwa moja.

"Mtoto amekunywa haya?"

"Hapana, Baba. Yake nimechemsha."

"Tangu lini?"

"Tangu muuguzi aseme. Nilichemsha, Mama akamwaga, sasa naficha."

Teresa alijifunika uso kwa leso. "Nilidhani ni moshi tu," alisema. "Nilikuwa nampa kwa mkono wangu mwenyewe."

Risper alikuwa ameisubiri siku hii muda mrefu. Alikuwa na maneno tayari, ya sufuria, ya Kendu, yote. Alipomwona Teresa pale topeni, maneno yakamwishia. Alimshika mkono, akamwinua.

*

Utadhani mambo yaliishia hapo. Thubutu. Sasa palikuwa na suala la choo kipya.

Nyamoita alipopata habari alirudi, akaeleza. Choo kiwe chini ya kisima kwenye mteremko, si juu yake. Kiwe mbali, angalau mita thelathini. Shimo lisichimbwe hadi kwenye maji. Cha zamani kifukiwe.

"Chini ni upande wa mke wa mwanangu," alisema Mzee Zablon. "Mnataka nipite mbele ya mlango wake nikienda kujisaidia? Bora nife."

Wazee wa ukoo waliitwa. Walikaa, wakala, wakasema mila ni mila. Mmoja alishauri kisima ndicho kihamishwe. Mwingine alishauri Job ahamie kwingine. Walikunywa chai, wakarudi siku nyingine, wakasema yale yale. Risper aliwapikia kila mara, na kila mara mvua ilikuwa inakaribia. Alipowasikia wakianza kwa mara nyingine, aliweka birika mezani kwa kishindo kidogo kuliko alivyotaka.

Teresa ndiye aliyesimama.

"Mzee," alisema, "hiyo aibu unayoiogopa, tumekuwa tukiinywa. Mjukuu wako ameinywa."

Wazee walitazama vikombe vyao. Hakuna aliyekunywa tena.

Risper alisema kwa sauti ndogo, akiwa ametazama chini, kama heshima inavyotaka. "Mama, mwambie Baba kuna njia. Ua wa ojuok upande wa machweo ni mrefu na mzito. Ukitobolewa mlango mdogo kule juu, karibu na nyumba kubwa, Baba atatoka kwa nje. Atashuka nyuma ya ua hadi kwenye choo chake mwenyewe. Mimi choo changu kiko upande wa mawio. Hatanipitia, wala sitamwona."

Teresa alimgeukia mume wake ili amweleze, ingawa mzee alikuwa amesikia kila neno. Mzee alikuna kidevu.

"Mwambie," alisema, "ojuok itabidi ipandwe safu mbili."

Job alichimba. Angalau safari hii hakusema ataongea na mtu. Kiangazi hicho shimo la zamani lilifukiwa kwa jivu na udongo. Kisima kilitolewa maji yote mara kadhaa mpaka kijani kikaisha, afisa wa afya akaja kukitia dawa. Wakakijengea ukingo wa saruji ili maji machafu ya juu yasiingie, wakaweka kifuniko, na ndoo moja ya kuchotea isiyowekwa chini. Na kila nyumba katika boma ikawa inachemsha maji ya kunywa. Mzee Zablon alilalamika juu ya moshi. Alilalamika, akanywa.

Mwisho wa mwaka ikaja mvua ya El Niño. Aliyekuwapo anaikumbuka. Barabara zilikatika, mito ikatapika, vyoo vikafurika. Kipindupindu kikaingia vijijini, na zahanati ikajaa mpaka watu wakalazwa nje kwenye varanda.

Risper aliamka kila asubuhi, akasikiliza mabati, akanyoosha mkono, akagusa alipolala Mellen. Pakavu. Kesho yake, pakavu. Hakuthubutu kufurahi. Aliendelea kunyoosha mkono kila asubuhi mpaka mvua zilipopungua, na kila asubuhi palikuwa pakavu.

Siku moja, tope likiwa bado barabarani, Nyamoita alifika kwa miguu, viatu mkononi. Alikuwa amechota maji ya kisima wiki zilizopita, akayapima, na sasa ameleta majibu. Hayakuwa na vile vijidudu.

Mzee Zablon alivaa koti lake kwanza ndipo akasikiliza. Akauliza mara mbili kama ana hakika. Kisha akaita jina la mjukuu wake.

Mellen alikuja kutoka kwa mama yake, mashavu yamejaa, amebeba glasi kwa mikono miwili, ulimi nje kwa uangalifu.

"Yamepimwa," alisema Mzee Zablon, "na bado yamechemshwa. Nyar Kendu hakubali vingine, na mimi sibishani naye. Lakini uliniahidi glasi."

"Nilikuahidi kama rangi isipofika, Mzee. Rangi ilifika."

"Madam," alisema mzee, amechoka naye, "kunywa."

Nyamoita aliipokea glasi. Wote walimtazama: mzee mlangoni, Teresa na leso yake, Risper kwenye kona ileile ya nyumba aliyosimama siku ya wageni. Alikunywa bila kupumzika, akairudisha.

Mellen aliigeuza glasi juu chini, akaitikisa, akachungulia ndani.

"Kwaro," alimwambia babu yake, "amemaliza."